Binti anayepanga maduka kwa msimu: nilimwachia stoo yangu ya dagaa na mchele hapa Igoma, Mwanza

Oktoba 2024 mvua ya kwanza ilishuka usiku, asubuhi nafungua stoo nakutana na ile harufu ambayo kila anayeuza dagaa anaijua. Gunia nne za chini zilikua zimelala moja kwa moja kwenye sakafu, maji yamepenya ukuta wa nyuma, dagaa wamelainika na gunia mbili zina ukungu mweupe kabisa. Za ukungu nikamwaga, zile mbili zilizolainika tu nikazianika upya siku tatu nikawauzia wafuga kuku wa Kishiri kwa bei ambayo hata kuitaja naumia, na hapo zote nne nilizinunua soko la dagaa la Mwaloni kwa hela ya kikoba, na kikoba hakijui mvua, siku ya marejesho ikifika imefika.

Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia kuna binti analipwa kuja kupanga duka la mtu wanacheka. Mi mwenyewe mdogo wangu aliponiambia nilimjibu kwamba duka ninalo tangu 2013, mtoto wa juzi atanipangia nini. Sasa ameshakuja mara nne, Juni, Septemba, Desemba na Machi, yani mwaka mzima umezunguka, kiangazi na mvua zote nimeshaziona nikiwa nae, kwa hiyo naona naweza kuongea kwa uhakika. Jina lake siweki hapa, aliniomba nisiweke, wateja anapata kwa kuambizana na anasema walioko wanamtosha. Ukimtaka ulizia wauza nafaka wa Igoma na Buzuruga, utafika kwake.

Duka langu ni frem moja barabara ya kwenda Musoma, nyuma kuna stoo ya hatua kama kumi kwa sita. Nauza dagaa, mchele na maharage, jumla kidogo na rejareja ya kilo na sado. Hayo ndo ninayouza sasa hivi. Siku anaingia Juni 2025 nilikua nauza hivo vitatu na karanga, mafuta ya kula ya kupima, mafuta ya taa, sabuni za mche, mkaa wa ndoo, juisi za kwenye friji, vocha na uwakala wa kutuma na kutoa hela. Kila kitu kiliingia kwa sababu yake, mteja mmoja kaulizia mkaa basi nikaleta mkaa, mwingine kaulizia juisi nikanunua friji la mtumba, na miaka inaenda hivo hivo mpaka kijana wangu wa dukani akitaka kupita kwenda stoo lazima apite upande upande.

Bei yake mara ya kwanza ni elfu 80 kwa siku mbili nzima. Akirudi kila msimu elfu 30, nusu siku. Nilimlinganisha na watu waliokuja kabla yake, ofisi fulani ya mjini walioniuzia programu ya kwenye simu ya kuhesabu stoku, laki tatu na nusu, wakanifundisha saa moja wakaondoka, ilipokataa kufunguka nikapiga simu wiki mbili haipokelewi. Yeye hana programu. Alikuja saa moja asubuhi na kanga ya kujifunika, barakoa, ufagio mpya na kaunta buku ya kwaya tatu, akanisalimia shikamoo mama, akaomba kigoda.

Mi nilidhani ataanza kuhamisha magunia. Hapana. Alikaa pale mlangoni mpaka saa saba mchana anaandika kila mteja anayeingia, kaomba nini, kiasi gani, kapata au kakosa, basi. Hakugusa kitu. Kijana wangu akaanza kunung'unika kwamba huyu dada tunamlipa kukaa. Saa saba akageuza daftari akanionyesha: watu 41 walikuja, 33 kati yao walitaka dagaa, mchele au maharage, na kati ya hao 33 saba waliondoka bila kitu kwa sababu mchele wa daraja wanalotaka ulikua umeisha mbele ilhali stoo upo, hatukuuona, umefunikwa na mkaa. Mkaa wenyewe siku hiyo uliuzwa ndoo mbili.

Halafu akafanya kitu ambacho sitakisahau. Aliingia ndani akachota mchele kiganjani kutoka kwenye gunia lililo wazi, akanipa ninuse. Nikanusa, nikaona ni mchele tu. Akaniambia mama toka nje kwanza, vuta hewa, kunywa maji, rudi unuse tena. Nikarudi, nikanusa, ni mafuta ya taa. Dumu la mafuta ya taa lilikua hatua mbili kutoka pale, miaka yote, na mimi pua ilishazoea. Nilikumbuka mteja wangu mmoja mama wa makamo alikua ananunua kilo kumi kila mwisho wa mwezi, akaacha ghafla, nikikutana nae kanisani ananisalimia vizuri ila dukani haji, na hakuwahi kusema kwa nini. Nilijisikia vibaya sana siku ile, kwa sababu ni chakula cha watoto wa watu.

Siku ya pili ndo tukatoa vitu vyote nje. Vyote. Tuliomba turubai kwa jirani, tukapanga magunia barabarani, stoo ikafagiliwa, panya wawili wakatoka, ukuta wa nyuma ukakaguliwa na fundi akaziba nyufa siku hiyohiyo kwa simenti. Mkaa nikampa jirani anaeuza mkaa tu, tukakubaliana wateja wangu nitawaelekeza kwake na yeye wake wa mchele anielekeze. Mafuta ya taa hayakurudi tena. Sabuni, juisi na karanga zikauzwa mpaka zikaisha, hazikuongezwa. Friji niliuza, na umeme wa duka ukashuka, nanunua luku elfu tano inakaa mwezi na siku kadhaa wakati zamani ilikua wiki.

Uwakala ndo tulibishana. Yeye alitaka niuache kabisa, anasema hela ya kuzungushia wateja inakula mtaji wa kununulia mzigo wakati ule ambao mzigo ni wa bei nafuu. Hapo nikamkatalia, nikamwambia binti yangu, watu wanakuja kutoa hela hapa na wakishatoa wanageuka wananunua mchele, mi nimeliona kwa macho miaka kumi. Alinisikiliza. Akasema sawa, ila uwakala uwe na mkoba wake na daftari lake, kiasi chake kisiguswe, na kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane kipunguzwe ili kingine kiende kwenye magunia. Nimefuata, na naona wote wawili tulikua na haki. Napenda mtu anayeweza kubadilisha mpango baada ya kumsikia mwenye duka.

Sasa nije kwenye misimu maana ndo kazi yake hasa. Aliniuliza swali moja, mama duka lako lina misimu mingapi. Nikasema miwili, mvua na kiangazi. Akasema haya niambie kila kimoja unakinunua lini na unakiuza lini, na nilipoanza kueleza nikajisikia mwenyewe kwamba nanunua vitu vyote kila wiki kiasi kilekile mwaka mzima, kama vile mpunga unavunwa kila wiki.

Mpunga huku kwetu, Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, unavunwa kuanzia mwezi wa tano mpaka wa saba, hapo mchele unamwagika na bei inashuka. Ukifika Januari na Februari bei imepanda na watu wametoka kwenye sikukuu na ada za shule. Dagaa nao wana kiangazi chao, Juni mpaka Septemba jua ni kali, wanakauka siku moja, wanakua weupe wanang'aa. Mvua zikianza, kuanzia Oktoba na kuendelea, dagaa wanavuliwa vilevile ila kuwakausha ndo shida, wanaanikwa mawingu yanakuja, wananyeshewa, wanaanuliwa wana unyevu, na wa kwenye mchanga wanakuja na mchanga wao. Kwa hiyo vitu vyangu viwili vikubwa vyote wakati wa kujaza stoo ni kiangazi kilekile na wakati wa kutoa ni mvua, na stoo yangu kiangazi ilikua imejaa mkaa na sabuni. Hili nilikua nalijua kila kipande peke yake, sikuwahi kuviweka pamoja.

Akanipangia hivi, mwezi wa sita mpaka wa nane stoo ni ya kupokea, mchele na dagaa wakavu tu, na duka la mbele linaendeshwa kwa kidogo. Septemba mwishoni tunafunga mlango wa kununua dagaa wa kuweka, kinachobaki ni wa kuuza wiki hiyohiyo. Desemba mchele unaanza kutolewa kwa mpango, si wote kwa pamoja. Machi tunahesabu kilichobaki na tunamaliza, stoo iwe karibu tupu masika yakiwa katikati ili tupige chokaa na kuziba nyufa kabla ya msimu mpya.

Maharage aliyapa hesabu tofauti. Mengi ya kwangu yanatoka Kagera, na zamani nilikua nayajaza kwa woga, maana lori likikwama foleni ya kivuko pale Kigongo unakaa siku bila mzigo. Daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa Juni 2025, mwezi uleule alipokuja kwangu, kilomita tatu mtu anavuka kwa dakika chache, na yeye ndo aliyeniambia mama huna sababu tena ya kuweka maharage ya miezi mitatu, weka ya wiki tatu. Nilichelewa kumwamini, nikaweka ya mwezi na nusu, ila alikua sahihi.

Na kuna hili la mwezi. Mi kwetu ni Ukerewe, nimekua naona taa za wavuvi usiku ziwani, zamani karabai na siku hizi za sola, na kila mtu wa ziwani anajua dagaa wanavuliwa giza, mbalamwezi ikitoka taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, wavuvi wanashona nyavu. Najua tangu mtoto. Lakini dukani nilikua naenda Kirumba Mwaloni kila Jumanne kwa sababu tu Jumanne ndo siku ya kijana kubaki peke yake. Basi jirani yangu fundi cherehani ni Mwislamu, ana ile kalenda yenye tarehe za mwezi mwandamo, binti akaiazima akaikalisha karibu na daftari langu la manunuzi la mwaka uliopita. Tukapitisha kidole mstari kwa mstari. Kila Jumanne iliyoangukia karibu na tarehe 14 au 15 ya mwezi mwandamo, mwezi mpevu, bei niliyonunulia ilikua juu, kila mara. Na Jumanne zilizoangukia mwisho wa mwezi au mwandamo mchanga bei iko chini na dagaa ni wengi wa kuchagua. Miaka kumi na mbili nimekua nalipa mbalamwezi bila kujua. Sasa hivi kalenda hiyo ninayo ukutani, nimeinunua ya kwangu, na Mwaloni naenda kwa tarehe za mwezi, siku nyingine inaangukia Alhamisi, nyingine Jumapili mchana, kijana amezoea.

Ununuzi wenyewe sikufundishwa na mtu, huo nilikua naujua, ila alinifanya niuandike kwenye karatasi ili kijana nae aweze kutumwa. Dagaa aliyekauka ukimkunja anakatika tap, asiyekauka anapinda. Ukiingiza mkono katikati ya gunia ukatoka na ubaridi, acha. Wa kwenye kichanja ni ghali kidogo kuliko wa mchangani ila mteja wa sado akishamzoea harudi nyuma.

Alichonifundisha kweli ni chumvi. Kwa mchele na maharage anatumia chupa ya soda ya glasi iliyokauka vizuri, anatia punje mpaka kama theluthi, anaweka chumvi kavu kijiko, anafunga, anatikisa dakika moja moja, anaiacha itulie. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mzigo una maji, usiingize stoo. Ikiteleza yote ikashuka chini, ingiza. Sijui niseme nini, kitu cha shilingi mia kimenikatalia gunia tano za maharage mwezi wa saba ambazo kwa macho na kwa meno mi ningezipokea. Muuzaji alikasirika sana akasema nimekua mchawi. Maharage ya kukaa tunayaweka kwenye ile mifuko ya PICS, yenye ngozi tatu, mbili za nailoni ndani na ya nje ya kawaida, unafunga kila moja peke yake kwa kamba na wadudu wanakosa hewa humo ndani wanakufa bila dawa. Alinionya lakini, ukifungia kitu chenye unyevu humo umefungia ukungu, ndo maana chupa inatangulia.

Na magunia yana nyuzi. Hii ndo naipenda kuliko zote. Kila gunia likiingia linafungwa mdomoni na uzi wa kufumia wa rangi ya msimu wake, kilichoingia Juni hadi Septemba uzi wa bluu, Oktoba hadi Desemba mwekundu, Januari hadi Machi mweupe, Aprili hadi Juni mwanzoni kijani. Mtu yeyote akiingia stoo, hata asiyejua kusoma, anajua bluu itoke kwanza. Zamani gunia jipya linawekwa juu ya la zamani, na la zamani linabaki chini miezi minane, ndo zile nne zilizooza. Mwezi wa pili mwaka huu nilikua nimelazwa siku nne, mama mkwe akashika duka, hajui lolote la biashara yetu, niliporudi nikakuta kauza bluu tupu. Nilimshukuru, wabeja mayu, akaniambia nilikua nafuata nyuzi tu.

Madaftari yalikua matano, likawa moja. Kaunta buku moja, limegawanywa kwa vipande vya kitambaa, manunuzi, mauzo na madeni, la uwakala tu ndo liko mbali. Na kufunga hesabu kwa msimu kaliweka mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, kwa sababu ndo tarehe za awamu za kodi TRA, hivyo siku anayokuja yeye ndo siku ninatoa risiti kwenye bati la biskuti, tunajumlisha, najua nadaiwa nini na nimebaki na nini. Zamani nilikua naenda nikiwa na wasiwasi tumbo linauma. Laini ya lipa namba nayo ikatenganishwa na simu yangu ya nyumbani, maana mzee wangu alikua akiona meseji ya hela imeingia anadhani ni faida, na mi nilikua nachota humo ya mboga bila kuandika.

Kwenye madeni aliniuliza mdaiwa anapata hela lini. Swali dogo ila limenisaidia mno. Nina wakulima wa Kisesa na ndani ndani kule, nilikua nawadai mwezi wa pili na kugombana nao, mwezi wa pili mkulima hana kitu, shamba bado bichi. Sasa jina lake lina mwezi pembeni, huyu wa saba akishauza mpunga, huyu akishauza pamba, mwalimu mwisho wa mwezi, bodaboda kila Jumamosi. Na baada ya Desemba sikopeshi mkulima mpya. Nilikusanya madeni mengi Julai na Agosti kuliko nilivyowahi kukusanya, na hakuna niliyemfokea.

Sasa mapungufu, maana nikisifu tu sitakua nimewatendea haki.

La kwanza dagaa alikua hawajui. Nafaka anajua sana, ila siku ya pili alipanga gunia za dagaa sita kwenda juu kama mchele, nikamwambia binti hawa watapondeka, akasema gunia ni gunia. Baada ya wiki tatu nikashusha, gunia mbili za chini dagaa wamekatika vichwa, nusu imekua vumbi la kuku. Nilimpigia, akaja bila kulipisha, akapanga tatu tatu, akaandika kwenye daftari lake kwamba dagaa mwisho tatu. Hasara haikulipwa lakini. Mi sikuidai, ila mwingine angeidai na asingekosea.

La pili chaga, zile za mbao za kulazia magunia yasiguse sakafu. Yeye haziuzi, anakuelekeza kwa fundi, na fundi aliyenielekeza alinitengenezea chaga kumi kwa mbao mbichi, mwezi wa tisa zikapinda na nyingine zikatoa unyevu chini ya magunia, yani kitu cha kuzuia unyevu ndo kinaleta unyevu. Nimebadilisha zote kwa zile za mtumba zinazotoka viwandani, kavu, imara. Angepaswa amkague mtu kabla ya kumpa mteja. Ila kipimo chake cha kuweka chaga mkono mmoja kutoka ukutani usikiache, nafasi ile unapita na ufagio na unaona panya na unaona maji kabla hayajafika kwenye gunia.

La tatu vibao vyake aliandika kwa kalamu ya wino kwenye maboksi, mvua za Novemba unyevu wa hewa ukavilegeza vikadondoka. Nyuzi zilibaki. Siku hizi anaandika kwa chaki ukutani.

Nauli hakuisema mwanzoni, bodaboda kwenda na kurudi kila siku ni juu yako, nilijisikia kushtukizwa. Jumamosi hafanyi, ni Msabato, na hilo ni haki yake ila jua mapema. Na mwezi wa sita kila mtu anamtaka, mi mwaka jana nilisubiri siku tisa wakati mpunga umeshaanza kuingia mjini na kila siku bei inasogea. Tena ni mkavu kwa maneno, kijana wangu wiki ya kwanza alitaka kuacha kazi kwa sababu aliambiwa mbele ya wateja kwamba hajui kufagia. Nilimwita binti pembeni nikamwambia mwanangu, yule kijana ni mtoto wangu, mseme kwangu. Akaomba radhi kwake mwenyewe, mbele yangu. Sasa hivi wanaelewana, akija anamletea miwa.

Nani asimwite? Kama una genge la mboga unalojaza asubuhi na kumaliza jioni, elfu 80 hiyo nunulia nyanya. Kama duka lako ni la spea au simu sijui kama atakufaa, yeye kichwa chake kiko kwenye vitu vinavyooza na kuliwa na wadudu na kupanda bei kwa mvua. Na kama hauko tayari kuacha kuuza kitu, usimwite kabisa, mtagombana, kwa sababu kitu cha kwanza atakuuliza ni kipi kitoke. Mi ilinichukua wiki nzima kuikubali ile ya friji, nilikua nimeinunua kwa jasho.

Mvua ya kwanza ya msimu uliopita ilinikuta nyumbani usiku. Nilikaa kitandani nasikiliza bati, mzee akaniuliza unafikiria nini, nikamwambia stoo. Asubuhi nikafika kabla ya kijana, nikafungua, nikaenda moja kwa moja nyuma na tochi ya simu. Chini kwenye sakafu kulikua na mstari mwembamba wa maji ukutani, umeishia kwenye ile nafasi ya mkono mmoja. Nikaingiza mkono katikati ya gunia la chini, uzi wa bluu, nikachota dagaa nikamkunja. Akakatika tap.

Sikupoteza gunia hata moja msimu huo. Mchele wa kiangazi niliuza kuanzia Januari kwa kilo kilo na wateja wanauliza unatoka wapi maana wa sokoni ulikua umepanda na una chenga, na yule mama wa kilo kumi amerudi, nilimfuata mwenyewe nikamweleza habari ya mafuta ya taa, nikamwomba radhi, nikampa kilo mbili aonje. Alisema alikua anaogopa kunivunja moyo.

Nyota nampa nne, ya tano inabaki kwa chaga na zile gunia mbili za vumbi. Sasa hivi masika yanakatika, stoo iko tupu nusu, chokaa imeshapigwa, nimebakiza gunia sita za uzi mweupe na mbili za kijani. Nimeshamwekea nafasi ya Juni tangu mwezi wa tatu ili nisisubiri tena, anakuja Jumatatu ya wiki ya mwisho, na uzi wa bluu nimeshanunua vibunda viwili.